Mwendo wa Gari na Umbali wa Breki

Dereva aendaye kilomita 50 kwa saa hupita takriban mita 14 kila sekunde, na akizidisha mwendo huo mara mbili, umbali wa kulisimamisha gari kwa breki hauongezeki mara mbili, kama wengi wadhanivyo, bali mara nne. Hivyo mtoto avukaye barabara, ambaye angalisalimika, hukutwa na mauti. Naye dereva ashukaye mlima Kitonga, akitoka Iringa kuelekea Morogoro hali amepakia shehena nzito, namsihi kwa dhati ya moyo wangu atie gia ndogo kabla ya kuanza mteremko, kwani breki zikishika moto hupoteza nguvu. Nanyi abiria, msione haya kumwambia dereva apunguze mwendo.