Maombi ya Uhandisi: Tuwahi au Tusubiri Aprili?
Hotuba ya kamati ya elimu katika sherehe ya Uhuru, 9 Desemba

 

Kila Desemba tunapokutana hapa Stockholm, kabla hata pilau halijapakuliwa, kuna mzazi anayetuvuta pembeni: "Mwanangu anataka uhandisi. Wenzake wanasema anayeomba mapema ndiye anayepata. Je, tumeshachelewa?" Mwaka huu tumeombwa tujibu mbele ya wote.

Habari hiyo ya kuomba mapema imetoka Marekani. Huko vyuo vingi hupokea maombi ya mapema hadi tarehe 1 Novemba, na ya kawaida mwanzoni mwa Januari. Baadhi ya vyuo humfunga mwombaji wa mapema: akikubaliwa, anakwenda hapo na kufuta maombi mengine yote. Anaruhusiwa kujitoa kama msaada wa fedha hautoshi, lakini hapati nafasi ya kuweka barua tatu mezani na kulinganisha. Kwa familia inayolipa kwa kujibana, sisi tunaona heri kusubiri Januari. Uingereza nako, Oxford na Cambridge hufunga maombi tarehe 15 Oktoba, na tangu 2021 mwanafunzi anayetoka Sweden kwa kawaida hulipa ada ya mgeni.

Sweden ni habari nyingine. Raia na mwenye kibali cha kudumu halipi ada, na CSN, ambayo tunaweza kuifananisha na Bodi ya Mikopo ya nyumbani, humpa ruzuku na mkopo wa kuishi. Maombi ya muhula wa vuli mwisho wake ni 15 Aprili. Aliyetuma siku ya kwanza na aliyetuma usiku wa mwisho wanapimwa kwa alama. Kuwahi hakumwongezei mtu hata nukta moja.

Cha kuwahi ni matayarisho. Uhandisi wa miaka mitano, KTH au Chalmers kwa mfano, unadai Hisabati 4, Fizikia 2 na Kemia 1. Kijana ambaye hakusoma mchepuo wa sayansi asikate tamaa, kuna mwaka wa maandalizi unaoitwa basår. Halafu kuna högskoleprovet. Angalau theluthi moja ya nafasi hutolewa kwa mtihani huo, na angalau theluthi nyingine kwa alama za shule. Kujiandikisha kwa mtihani wa masika hufanyika Januari, kwa siku chache tu, wakati wengine wetu bado tuko likizo. Matokeo hudumu miaka minane na yaliyo bora ndiyo yanayohesabiwa, kwa hiyo anayefanya vibaya mara ya kwanza hapotezi kitu.

Sasa tuje kwenye jambo linalotuuma. Fomu inaruhusu kuorodhesha hadi chaguo 20, na watu hudhani mpangilio ni mapambo. Kijana wetu mmoja alitaka kusomea uhandisi wa anga za juu Luleå. Baba yake akasema hapana, Luleå ni mbali na baridi yake si ya binadamu, na hapa Stockholm atalala nyumbani. (Kuhusu kodi ya chumba, mzee hakukosea.) Wakaweka Stockholm ya kwanza, Luleå ya pili. Julai akapata ya kwanza, na palepale ya pili ikafutwa yenyewe, maana ndivyo mfumo unavyofanya: ukipata chaguo la juu, yote yaliyo chini yake yanaondoka. Alisoma mwaka mmoja kwa kinyongo, akaacha, akaomba upya. Mzee huyo yumo ukumbini na ndiye aliyetutuma tuliseme hili. Mpangilio unaweza kubadilishwa hadi 15 Aprili. Kaeni na mtoto, zimeni televisheni, mwulizeni yeye anataka nini, na hicho ndicho kiandikwe namba moja, hata kama alama zake zinaonekana ndogo. Kukikosa cha kwanza hakumpunguzii nafasi ya cha pili.

Na hiyo Julai! Majibu ya kwanza hutoka katikati ya mwezi, na ni lazima ubofye kukubali kabla ya tarehe ya mwisho ya kujibu, la sivyo nafasi inapewa mwingine. Wengi wetu wakati huo tuko Moshi, Tanga au Unguja. Nunueni bando, na hakikisheni BankID inafanya kazi kabla ya kupanda ndege.

Kwa wenye wadogo zao au wapwa walioko nyumbani wanaotaka kuja kusoma kwa Kiingereza: mwisho wao si Aprili, ni katikati ya Januari, na ada ya maombi ni kronor 900. Hao wamebakiwa na wiki tano tu.

Baada ya chakula tutakaa meza ile ya karibu na mlango, na kompyuta mbili. Njooni na watoto wenyewe, msije na majina yao tu.