JIRANI HUTANGULIA, JIRANI HUBAKI

*Hotuba juu ya huduma ya Usharika wakati wa mafuriko, iliyotolewa katika juma la maadhimisho ya miaka 100 ya Usharika wetu*



Kamati ya maadhimisho iliniomba nizungumze juu ya huduma ya Kanisa wakati wa maafa, na hasa mafuriko. Habari za majengo, za kengele na za idadi ya waliobatizwa zimekwisha kusimuliwa vizuri na wenzangu walionitangulia. Mimi nitashika neno moja. Katika mafuriko, jirani ndiye wa kwanza kufika na ndiye wa mwisho kuondoka. Kwa hiyo Usharika unaoingia katika miaka mia ya pili hauna budi kuamua kama utakuwa jirani wa watu waliopatwa, au utakuwa mgeni aletaye zawadi na kuaga.

1. Saa ya kwanza ni ya jirani

Tarehe 3 Desemba 2023 ilikuwa Jumapili ya kwanza ya Majilio. Alfajiri ya siku hiyo, baada ya mvua kubwa, sehemu ya Mlima Hanang katika Mkoa wa Manyara iliyokuwa imelowa maji ilimeguka. Mlima huo una kimo cha zaidi ya mita 3,400, na mji wa Katesh umekaa chini yake. Tope, mawe na magogo viliteremka kwa kufuata njia ya maji, vikaingia katika makazi na maduka ya Katesh na katika vijiji vya jirani, kikiwamo Gendabi. Katika siku za mwanzo serikali ilitangaza kwamba kaya 1,150 zenye watu wapatao 5,600 zimeathirika. Hesabu ya waliokufa iliendelea kupanda kadiri tope lilivyofukuliwa, hata ikafikia watu 89.

Tunawashukuru askari wa Jeshi la Wananchi, Polisi, Zimamoto, waganga, wauguzi na watu wa Msalaba Mwekundu waliofanya kazi pale mchana na usiku. Hata hivyo, hakuna jeshi linalolala katika kila mtaa. Kabla kikosi hakijafika, kuna muda ambao aliyenaswa ana mtu mmoja tu wa kumtegemea, naye ni yule anayekaa ng'ambo ya ua. Huyo ndiye ajuaye kwamba katika chumba cha nyuma analala bibi asiyeweza kutembea, kwamba mama wa nyumba ile amejifungua juzi, na kwamba mahali panapoonekana tope tupu palikuwa na mlango. Ujuzi wa namna hiyo haumo katika ramani yoyote. Hupatikana kwa kuombana chumvi na kuamkiana asubuhi kwa muda wa miaka mingi.

Ndiyo maana mfano wa Msamaria katika Injili ya Luka, sura ya 10, unatufaa sana. Mwanasheria alitaka apewe mipaka: jirani yangu ni nani, na nani si jirani yangu. Bwana hakumpa mipaka. Alimweleza habari za mtu aliyetenda ujirani kwa mwenziwe asiyekuwa wa kabila wala wa ibada yake. Watu wawili wanaobeba majeruhi juu ya mlango uliong'olewa hawaulizani kila mmoja anasali wapi. Jambo hilo tulikumbuke siku ya pili, tunapoketi kuandika majina ya watakaopewa unga, kwa maana mara nyingi mipaka iliyofutwa na maji hurudishwa na kalamu.

2. Siku ya tatu omba jembe

Baada ya siku chache huja misaada. Huja nguo, blanketi, unga, maharage na sabuni, na pamoja navyo huja wapiga picha. Sadaka hizo ni njema, na atakayezidharau hajapata kulala na watoto bila blanketi. Lakini tujiulize: magari yakiisha kuondoka, mwenye nyumba anabaki na kazi gani?

Anabaki na tope. Tope lililoingia ndani lazima liondolewe likiwa bado bichi, kwa kuwa likikauka hushikamana na sakafu na kuta, na kazi ya siku moja huwa kazi ya juma zima. Anabaki na kuta za udongo au za tofali mbichi ambazo zimelowa tangu msingi. Kuta hizo zaweza kuanguka siku kadhaa baada ya maji kupungua, wakati watu wamekwisha kurudi kulala ndani. Anabaki na kisima kilichoingiwa na maji ya vyoo, nacho si cha kunywewa mpaka maji yachemshwe au yatiwe dawa, la sivyo kipindupindu kitaua watu ambao mafuriko yaliwaacha. Anabaki bila choo. Amepoteza cheti cha kuzaliwa cha mtoto, kadi ya kliniki, na karatasi za kiwanja. Kama ni fundi, cherehani yake imejaa mchanga. Kama ni mama lishe, sufuria zake zimekwenda na maji, na mtaji wake pia.

Kazi hizi hazipendezi katika picha, nazo hazimalizwi na mtu aliyekuja kwa nusu siku. Wazee wetu walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hiyo twaitumia kwa mgeni aliyekaa mno, lakini inamfaa vilevile mtu wa kujitolea. Atakaye kuacha ugeni na kuwa jirani, siku ya tatu na aombe jembe mwenyewe. Wakristo wa nchi hii wanayajua mambo haya tangu zamani. Wapare wanayo kazi ya pamoja waiitayo msaragambo, na makabila mengine yana majina yao. Kijana aliyelelewa katika desturi hiyo hahitaji semina ndefu ili ajue namna ya kushika koleo katika ua wa mjane.

Neno moja zaidi juu ya heshima. Mtu aliyepoteza nyumba hajapoteza akili. Yeye ndiye ajuaye maji yalipitia wapi, nani amekosa, na kitu gani hakihitajiki tena. Kamati ya misaada isiyo na mtu hata mmoja kati ya waliopatwa itagawa kwa bidii, lakini itagawa kwa kubahatisha.

3. Miezi isiyotangazwa

Ndugu zangu, shida kubwa ya mafuriko huja baada ya kusahauliwa. Mwishoni mwa mwaka 2009 na mwanzoni mwa 2010 Mto Mkondoa ulivunja kingo zake na kuifunika Kilosa. Maelfu ya watu walihamia katika mahema, na Reli ya Kati ilikatika hata usafiri wa treni ukasimama kwa miezi. Taifa zima lilisikia. Reli ilitengenezwa, treni zikapita tena, lakini miaka kadhaa baadaye walikuwapo watu waliokuwa bado katika makazi yaliyoitwa ya muda.

Desemba 2011 ilikuwa zamu ya Dar es Salaam. Watu zaidi ya 40 walikufa, na wengi waliokuwa wakikaa katika bonde la Msimbazi walipewa viwanja Mabwepande, nje ya mji. Baadhi yao walirudi bondeni. Watu waliwacheka na kuwaita wakaidi. Lakini kiwanja kile kilikuwa mbali na soko, mbali na kibarua, na mbali na majirani ambao mama angeweza kuwaachia mtoto. Kumhamisha mtu ni kumtoa pia katika ujirani wake, na ujirani hauhamishwi kwa lori.

Aprili 2024 tuliona tena, safari hii karibu nchi nzima. Tarehe 25 ya mwezi huo Waziri Mkuu alilieleza Bunge kwamba watu 155 wamekufa katika mvua za msimu ule, na kwamba watu zaidi ya 200,000 wa kaya zaidi ya 51,000 wameathirika. Katika bonde la Rufiji mashamba yalikaa chini ya maji. Warufiji wamejua kuishi na mto wao tangu kale: hujenga madungu, yaani vibanda juu ya nguzo, na maji yakipungua hulima kilimo cha mlau katika udongo uliobaki na unyevu. Maji ya kiasi kwao ni baraka. Yakizidi na kukaa, mahindi na mpunga huoza, na familia iliyopoteza shamba mwezi wa Aprili haina chakula chake yenyewe mpaka mavuno mengine. Hapo ndipo msaada hauna budi kufuata kalenda ya mkulima. Mbegu ikifika baada ya wakati wa kupanda itapikwa na kuliwa, na hakuna wa kumlaumu aliyeipika.

Turudi Hanang. Desemba 2024, mwaka mmoja baada ya maafa, familia zilikabidhiwa nyumba mpya zaidi ya 100 katika kijiji cha Waret, zilizojengwa na serikali pamoja na Msalaba Mwekundu. Tunamshukuru Mungu kwa kazi hiyo. Lakini mwaka una siku 365. Katika siku hizo zote, walionyang'anywa nyumba na tope walilala chini ya dari za watu: kwa shangazi, kwa jirani, kwa rafiki wa kazini, au katika chumba cha kupanga. Aliyewapokea aliongeza maji katika chungu kilekile na kulala sebuleni mwake mwenyewe. Jina lake halikuandikwa katika orodha yoyote ya wafadhili. Naamini Bwana analijua.

Mtume Paulo alipowachangia maskini wa Yerusalemu hakutosheka na sadaka ya Jumapili moja. Aliwaelekeza Wakorintho watenge kitu kila siku ya kwanza ya juma, na katika waraka wa pili anawakumbusha kwamba wameianza kazi hiyo tangu mwaka uliopita. Msamaria naye, baada ya kumlipa mwenye nyumba ya wageni, aliahidi kwamba gharama itakayozidi atailipa atakaporudi. Wengi tunahubiri juu ya mafuta na divai aliyomtia majeruhi. Ni vyema tukahubiri pia juu ya kurudi kwake.

4. Sisi wenyewe tu matunda ya waliobaki

Historia ya Kanisa letu inalithibitisha jambo hili. Wamisionari wa Kijerumani walipoondolewa nchini baada ya Vita Kuu ya Kwanza, na tena Vita Kuu ya Pili ilipoanza mwaka 1939, kundi halikutawanyika. Walimu wa shule za vijijini, wainjilisti na wazee wa Kanisa waliendelea kufundisha, kuzika wafu na kutembelea wagonjwa. Walibaki kwa sababu hapa ndipo kwao. Bila wao, mwaka 1963 pasingekuwa na makanisa saba ya kuungana na kuwa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania. Mwaka uliofuata Shirikisho la Walutheri Ulimwenguni lilianzisha huduma ya wakimbizi katika nchi yetu, iliyojulikana kwa jina la TCRS. Sisi tumelelewa na watu waliobaki. Deni hilo hulipwa kwa kubaki na wengine.

5. Mambo matatu kwa miaka mia ya pili

Kwa unyenyekevu naliomba Baraza la Wazee lifikirie mambo haya matatu.

*La kwanza,* kila jumuiya iwe na daftari la mtaa wake, linaloonyesha wazee wanaoishi peke yao, wagonjwa, wenye ulemavu, wajawazito na watoto wachanga. Daftari hilo liwahusu watu wote wa mtaa, Wakristo wa madhehebu yote, Waislamu na wasio na dini. Wapangaji wasisahauliwe, kwa maana orodha nyingi huanza na wenye nyumba na kuishia hapohapo.

*La pili,* sehemu ya sadaka ya shukrani ya jubilei hii itengwe kuwa mfuko wa maafa, na utaratibu wake uwe na tarehe. Tuwatembelee waliopatwa katika juma la kwanza, kisha mwezi wa tatu, mwezi wa sita, na baada ya mwaka. Najua kwamba tunazo ahadi za ujenzi, na kwamba fedha hazitoshi. Basi mnara na ungoje kidogo. Mjane ambaye ukuta wake umelala hawezi kungoja.

*La tatu,* tushughulike na maji kabla hayajaja. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Vijana wetu wazibue mitaro kabla ya masika. Tuache kulima hadi ukingoni mwa mto, na tupande miti mahali tulipoikata. Na anayetaka kujenga katika njia ya maji aambiwe ukweli na majirani zake kabla ya kuchimba msingi, kwa upole, na ikiwezekana aonyeshwe mahali pengine.

Wapendwa, mvua kubwa zitakuja tena. Watakaozipata wengine wao wamekaa katika viti hivi leo. Siku hiyo ikifika, mtu atakayeutafuta Usharika huu na aukute mlangoni pake, ukiwa na koleo mkononi, na baada ya mwaka mmoja aukute palepale.

Mungu aubariki Usharika wetu, na awafariji wote ambao bado wanajenga upya.