Moshi Ule wa New York



Magari yakigongana, swali la kwanza huwa, "Dereva alikuwa nani?" Leo twataka kuwaeleza habari za stesheni ya Grand Central, katika mji wa New York, Marekani, ili tuone ya kuwa swali hilo peke yake halitoshi.

Zamani magari ya moshi yaliingia mjini humo kwa kupita katika shimo refu chini ya barabara iitwayo Park Avenue. Shimo lilijaa moshi na mvuke. Asubuhi ya tarehe 8 Januari 1902, watu wakienda kazini, gari moja lilipita taa ya hatari likagonga mkia wa gari jingine lililosimama. Watu 15 walikufa papo hapo. Dereva akakamatwa. Lakini, ndugu zetu, mtu ataitiije taa asiyoiona?

Watu wa mji hawakunyamaza. Mwaka 1903 sheria ilitungwa: kuanzia Julai 1908 injini za mvuke zisiingie tena upande ule wa mji. Enjinia mkuu, William Wilgus, alitoa shauri kwamba magari yaendeshwe kwa umeme. Moshi ukiondoka, njia za reli zaweza kufunikwa, na juu yake yakajengwa majumba ya kupangisha. Hivyo usalama ukaleta na fedha.

Kazi ilichukua miaka 10, wala magari hayakusimamishwa. Stesheni mpya ilifunguliwa tarehe 2 Februari 1913, njia zake zikiwa orofa mbili chini ya ardhi. Treni za chini ya mji zilikuwa zikisimama hapo tangu 1904. Hata leo mfanya kazi hushuka katika gari la kutoka kitongojini, akateremka ngazi, akapanda treni ya mjini bila kunyeshewa na mvua.

Kwa nini twayasema haya? Kwa sababu sisi ndio tunaouona moshi kabla ya wakubwa walio ofisini. Taa iliyofifia, breki mbovu, mwenzetu aliyeongezewa zamu bila kulala: huo ndio moshi wetu. Tuuandike katika kitabu cha taarifa siku ile ile, na nakala tumpe katibu wa tawi. Ikisomwa mapema, huenda ajali isitokee. Ikitokea, karatasi hiyo ndiyo itakayomsemea dereva.

Umoja ni nguvu.