Maumivu Sugu na Usingizi: Tuanze na Usiku

(Hotuba ya Mratibu wa Miradi kwa kamati za sharika na wafadhili, Mugumu)



Tumeombwa tuzungumzie huduma ya wagonjwa majumbani. Tutachukua jambo moja tu, ambalo wajumbe wetu hukutana nalo karibu kila ziara: mtu anayeumwa mgongo au magoti kwa miaka, ambaye ukimwuliza amelalaje anacheka tu.

Maumivu yanayodumu zaidi ya miezi mitatu huitwa maumivu sugu. Kwamba humnyima mtu usingizi, hilo halihitaji mtaalamu. Ayubu alililalamikia katika sura ya 30. Wengi hawafahamu upande wa pili, kwamba kukosa usingizi nako huongeza maumivu. Mwaka 1975 Harvey Moldofsky na wenzake wa Toronto, Kanada, walichapisha utafiti ambamo watu wenye afya njema walikatizwa usingizi mzito usiku kadhaa mfululizo. Waliamka wakiumwa misuli, na walipobonyezwa waliumia zaidi. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walipima ubongo wa watu waliokesha usiku mmoja. Sehemu inayopokea maumivu iliwaka zaidi, na zile zinazosaidia kuyatuliza zilipungua nguvu. Kwa hiyo aliyekesha akisema leo mgongo unauma kuliko jana, hadanganyi wala hadeki.

Sasa tuje hapa kwetu. Katika vijiji vinavyopakana na hifadhi, mahindi na mtama vikianza kukomaa tembo huingia usiku. Baba yuko dunguni, mama anapiga debe, watoto wanachochea moto. Mwenye mgongo mbovu hukaa juu ya fito hadi alfajiri, kisha jembe linamngoja palepale. Usiku unaofuata maumivu hayamruhusu kulala hata kama ni zamu ya jirani, na hata msimu ukiisha mwili umeshazoea kushtuka. Kifuta jasho cha Serikali huhesabu ekari zilizoliwa. Usingizi ulioliwa hauna fomu.

Watu hujitibu. Wananunua diklofenaki dukani, wanameza mbili kwa pamoja bila chakula, mwezi baada ya mwezi. Dawa hizo zikitumiwa hivyo huchubua tumbo na huweza kuharibu figo. Wengine hunywa gongo ili walale. Kweli inalaza haraka, lakini saa nane usiku mtu yuko macho, na usingizi unaobaki ni wa mang'amung'amu. Mtaani wanasema ni mvivu, au amerogwa. Maneno hayo nayo hayamsaidii kulala.

Wenzetu wa tiba shufaa, huduma ambayo hospitali za KKKT kama Selian huko Arusha zimeifanya kwa miaka mingi, wana mpangilio mzuri. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 1986 juu ya maumivu ya saratani ulifundisha dawa itolewe kwa saa, si kusubiri mgonjwa alie. Na lengo la kwanza ni mgonjwa alale bila maumivu. Kukaa na kutembea bila maumivu hufuata. Mgongo wa mkulima si saratani na dawa zake si zilezile, lakini kuanza na usiku kunatufaa hata sisi.

Tunapendekeza fomu ya ziara iongezwe swali: unalala saa ngapi, na nini kinakuamsha? Anayeamshwa na maumivu huku akikonda, akitoka jasho usiku, miguu ikilegea au akishindwa kuzuia mkojo, apelekwe hospitali bila kungoja kikao, maana kifua kikuu hushika hata uti wa mgongo. Kadhalika mtoto mwenye selimundu anayelia usiku. Kwa wengine, saa ileile ya kuamka kila siku, kutembea kidogo mchana na kuacha chai ya rangi jioni husaidia kuliko watu wanavyodhani. Na wachungaji watuwie radhi: mwenye maumivu sugu asihesabiwe mtoro kwa kukosa mkesha.

Kwa wafadhili tuna ombi ambalo huenda likawashangaza. Katika bajeti ya diakonia tumeweka kamba za katani, pilipili, oili chafu na tochi zenye mwanga mkali. Mmoja wenu alituuliza jana, tembo na diakonia wapi na wapi? Kamba iliyopakwa pilipili na oili huwapunguza tembo shambani, ingawa hupakwa upya mvua ikinyesha. Kaya kumi zikilinda pamoja kwa zamu, kila mtu hulala usiku mwingi wa juma, na mwenye mgongo mbovu anaweza kuondolewa kabisa kwenye zamu za dungu akapewa kazi ya mchana ya kukagua kamba. Fedha hizo ni za kumtibu mgonjwa sawasawa na zile za vidonge.

Sharika zilizo mpakani zituletee majina ya kaya zilizo tayari kulinda kwa zamu kabla mahindi hayajabeba.