SERENGETI YETU, MKANDA WA NANI?

(Mazungumzo haya yalitayarishwa kwa vijana wa kata ya Nyambureti, wilayani Serengeti. Tunayachapa ili nawe msomaji wa mjini, unayeijua Serengeti kwa kalenda na televisheni tu, uyapate.)

Ndugu vijana wa Nyambureti, na wewe msomaji uliyekaa kijiweni Manzese au Musoma mjini na gazeti hili mkononi, naanza na swali. Nitajie mtu mmoja aliyepata jina duniani kwa kutengeneza filamu Serengeti. Najua unakuna kichwa. Simba unawajua, nyumbu unawajua, lakini aliyekuwa nyuma ya kamera humjui. Si kosa lako. Kwenye mabanda yetu ya video tuliletewa Rambo na Bruce Lee. Filamu za Serengeti zilipelekwa kwa wenye nazo.

Mtu ninayemsema aliitwa Hugo van Lawick, Mholanzi. Alizaliwa mwaka 1937 Surabaya, Indonesia, wakati nchi ile ni koloni la Uholanzi. Baba yake alikuwa rubani wa jeshi la majini, akafa kwa ajali ya ndege Hugo akiwa bado mtoto mdogo. Mama akahangaika na watoto: Australia, Uingereza, mwisho Uholanzi. Alikuwa na ubaroni wa kurithi, lakini ubaroni haununui kamera. Mwaka 1959, kijana wa miaka 22, akaja Afrika Mashariki kufanya kazi kwa Armand na Michaela Denis, mtu na mkewe waliokuwa wakitengeneza filamu za wanyama.

Mwaka 1962, kwa pendekezo la Louis Leakey, yule mtafiti wa mabaki ya binadamu wa kale, shirika la National Geographic la Marekani likamtuma Gombe, Kigoma. Huko binti wa Kiingereza, Jane Goodall, alikuwa akiwachunguza sokwe. Picha za Hugo zikachangia sana kumfanya binti yule ajulikane dunia nzima. Wakaoana 1964, wakapata mtoto mmoja wa kiume, wakaachana 1974. Mambo ya ndoa tuwaachie wenyewe. La kwetu ni mkanda.

Mura, hapa tega sikio. Mikanda ile ya Gombe aliipiga Hugo kwa jasho lake, akipandisha mitambo vilimani. Lakini alikuwa kazini kwa mtu, na mkanda ukawa wa aliyelipa. Zaidi ya saa 100 za picha zilikaa ghalani Marekani miaka na miaka, zikidhaniwa zimepotea, hadi zilipoibuliwa mwaka 2014. Mwaka 2017 mwongozaji Brett Morgen akazitumia kutengeneza filamu iitwayo Jane, ikasifiwa kila kona. Wakati huo Hugo alikuwa na miaka 15 kaburini.

Ndiyo maana mimi navutiwa zaidi na sehemu ya pili ya maisha yake, alipokuwa bosi wake mwenyewe. Alipiga kambi Ndutu, kusini kabisa, mpakani mwa Serengeti na Ngorongoro. Aliishi kwenye mahema, ndugu zangu, siyo hotelini! Na hakuishi hapo mwezi mmoja kama watalii. Alikaa miaka mingi, akiwafuata mbwa mwitu, fisi na chui. Wewe leo unapiga video kwa simu, ukikosea unafuta. Enzi zile rili ya futi 400 ya mkanda wa milimita 16 iliisha kwa dakika kama 11, na haikuonyesha kitu mpaka isafirishwe ng'ambo ikasafishwe. Ukiiwasha kamera mapema, mkanda unaisha chui bado amelala. Ukichelewa, umekosa. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi ilikuwa kungoja juani.

Kwa kungoja huko akapata tuzo nane za Emmy, ambazo ndizo kubwa za televisheni kule Marekani. Mwaka 1996 akatoa The Leopard Son, hadithi ya mtoto wa chui anayekulia Serengeti, ikaonyeshwa kwenye majumba ya sinema. Mwaka 1998 ikafuata Serengeti Symphony. Mapafu yakamshinda, akafariki Dar es Salaam mwaka 2002.

Nampa heshima yake. Alikuwa fundi, tena mvumilivu. Lakini sinyamazi kwa sababu ya heshima: ukitazama filamu zake za Serengeti utadhani nchi hii haina watu. Chui ana mama, ana njaa, ana hadithi. Mngoreme, Mkuria, Mnata na Mwikoma hawana!

Na hakuanza yeye. Bernhard Grzimek, mkuu wa bustani ya wanyama ya Frankfurt, na mwanawe Michael waliruka juu ya mbuga hii kwa ndege iliyopakwa milia ya punda milia, wakihesabu wanyama na kupiga filamu. Januari 1959 ndege ikaanguka, Michael akafa akiwa na miaka 24. Filamu yao, Serengeti Haitakufa, ikapata tuzo ya Oscar mwaka 1960. Grzimek alisema wazi kwamba ndani ya hifadhi asiishi mtu yeyote, hata mwenyeji. Mwaka huo huo wa 1959 Wamasai walikuwa wamehamishiwa Ngorongoro. Uamuzi ulikuwa wa serikali ya mkoloni, siyo wa filamu. Lakini filamu ndiyo iliyoifanya dunia ione kwamba hilo ni jambo la kawaida.

Sasa tuje kwetu. Uhuru ulipokuja tulipata Kampuni ya Filamu Tanzania mwaka 1968, mali ya serikali. Ikaja Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza Na. 4 ya 1976: hutengenezi filamu bila kibali, na maelezo ya filamu yako wakubwa wayaone kwanza. Sheria hiyo imefanyiwa marekebisho, yakiwemo ya 2019, lakini kibali kiko pale pale. Kwa mgeni mwenye wakala na fedha, kibali ni gharama ya safari. Kwa mlalahoi wa Nyambureti ni ukuta. Eti tunalindwa!

Hata hivyo wapo waliopenya. Martin Mhando, akishirikiana na Mmarekani Ron Mulvihill, alitengeneza Maangamizi, ambayo mwaka 2001 ilikuwa filamu ya kwanza ya Tanzania kupelekwa kushindania Oscar. Ya pili ilikwenda mwaka 2022: Vuta N'Kuvute ya Amil Shivji, kutoka riwaya ya Adam Shafi. Hesabu mwenyewe, miaka 21 kati ya moja na nyingine. Unadhani vipaji ndivyo vilivyokosekana?

Filamu ambayo bado tunaidai ni ya usiku wa hapa. Tembo ameingia kwenye mahindi, mzee anagonga debe, kijana ana tochi na mbwa. Asubuhi mama anahesabu mabua yaliyobaki, kisha anaanza safari ya kudai kile serikali inachokiita kifuta jasho. Akifa mtu, wanakiita kifuta machozi. Hugo aliweza kumngoja chui siku nzima. Ninyi hamna haja ya kungoja, tembo anakuja mwenyewe.

Simu mnazo. Pigeni picha mkiwa mahali salama, maana tembo hajui mwongozaji. Kibali kiombeni, tena kwa maandishi, na nakala ya barua mbaki nayo ili wakikataa wakatae kwenye karatasi. Na akija mgeni au mkubwa wa mjini kuwalipa mumpigie picha, muulizeni kabla hamjashika kamera: mkanda utakuwa wa nani? Iko Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999. Andikianeni, wasaini wote, shahidi awepo.

Nimemaliza. Mwenye swali aulize.