MAHINDI YA MAKUTUPORA: NANI KASEMA TUSIONYESHWE?

(Maongezi na vijana, kama yalivyotolewa)



Najua wengi mmekuja mkidhani nitazungumzia vigogo na ulaji wao. Leo nazungumzia mahindi. Usigune! Wewe wa kijiweni huna shamba, lakini ugali unakula. Mvua ikigoma Dodoma na Singida, bei ya sembe inapanda dukani kwa Mangi hata kabla mkulima hajamaliza kulia.

Mahindi ni mmea wa kudeka. Yakikosa maji wiki ile mbelewele na ndevu zinapochomoza, ndevu huchelewa, chavua hupukutika bure, na mkulima anavuna gunzi lenye punje za kuhesabu. Msimu mzima wa jembe unapotea kwa siku chache hizo.

Hapo ndipo wataalamu walipoingia. Mwaka 2008 ulianzishwa mradi wa nchi tano: Tanzania, Kenya, Uganda, Msumbiji na Afrika Kusini. Jina lake la Kiingereza likifupishwa linasomeka WEMA, tamu kweli kwa sikio la Mswahili. Miongoni mwa waliotoa fedha ni mfuko wa Bill Gates, mfuko wa Howard Buffett na serikali ya Marekani. Kinasaba kilitoka kampuni ya Monsanto, ambayo mwaka 2018 ilinunuliwa na Bayer ya Ujerumani.

Kinasaba chenyewe ni cha bakteria wa udongoni aitwaye Bacillus subtilis. Bakteria huyo akipigwa na baridi hutengeneza protini inayosaidia kazi za ndani ya seli zisisimame. Wakakihamishia kwenye mahindi, ili kiu ikibana mmea nao usizimie mapema. Si uchawi. Na ukiambiwa yanaua nguvu za kiume, muulize aliyekuambia ushahidi wake uko wapi. Tena kampuni ilikubali kukitoa kwa wakulima wadogo bila kudai malipo ya hatimiliki.

Lakini tusiuziwe mbuzi kwenye gunia. Mahindi hayo hayaoti jangwani. Yaliporuhusiwa Marekani mwaka 2011, wizara ya kilimo ya huko huko ilieleza kuwa ustahimilivu wake hauzidi ule wa mbegu za kawaida zilizokwisha kuzoea maeneo makavu. Mwaka 2018 Afrika Kusini ikakataa mbegu mojawapo iliyochanganya kinasaba hicho na vingine, kwa kuwa takwimu za kampuni hazikutosha kuthibitisha faida wakati wa ukame.

Sasa turudi nyumbani. Kanuni zetu za mwaka 2009 zilisema atakayeleta mbegu hizi atabeba hasara yoyote itakayotokea, awe amefanya uzembe au hakufanya. Kwa masharti hayo majaribio hayakuanza. Mwaka 2015 kanuni zikalegezwa kwa upande wa utafiti. Nani kati yenu aliulizwa? Oktoba 2016 mahindi yakapandwa Makutupora, Dodoma, ndani ya uzio.

Novemba 2018 Katibu Mkuu wa Wizara ya Kilimo akaamuru majaribio yasimame mara moja na mabaki yote yateketezwe. Kosa la watafiti ni lipi? Wizara ililalamika kwamba wanasambaza matokeo bila kibali na kualika watu kwenda kuona mbegu zinavyofanya kazi. Umesikia vizuri, ndugu yangu. Kuona! Januari 2021 Waziri, Profesa Adolf Mkenda, akatangaza kuwa utafiti wa aina hiyo umefutwa.

Kenya walipiga marufuku vyakula hivi Novemba 2012, baraza la mawaziri likaondoa marufuku Oktoba 2022, na wananchi wakakimbilia mahakamani. Wanagombana, lakini wanagombana hadharani, kila upande unaweka karatasi zake mezani.

Mimi sina ugomvi na anayezikataa mbegu hizi wala anayezitaka. Ugomvi wangu ni na mtindo wa wakubwa kufungua mlango na kuufunga huku sisi tuko nje tunachungulia dirishani. Kama mbegu zilifeli, mkulima wa Bahi anayeng'ang'ania mahindi kwenye ardhi ya mtama na uwele ana haki ya kujua zilifeli vipi. Kama zilishinda, ana haki hiyo hiyo.

Kwa hiyo mbunge akipita mtaani kwako, usimuombe fulana wala hela ya soda. Mpe swali moja alipeleke kwa Waziri: pale Makutupora, mahindi yenye kinasaba yalitoa magunia mangapi kwa ekari, na yale ya kawaida yaliyopandwa pembeni yake yalitoa mangapi?