Kioo cha Pembeni cha Pikapu

Leo tunaweka jembe kando kidogo, tukitazame chombo kinachotoa mazao shambani na kuyafikisha sokoni, yaani pikapu. Wengine mnayo ya kwenu, wengine mnakodi ya jirani. Na nyingi, tuseme kweli, zimepungukiwa kioo kimoja cha pembeni. Kimegongwa na tawi la mwembe, au kimekwaruzana na mlango wa ghala, basi kimefungwa kwa mpira wa tyubu, au kimeachwa hivyo hivyo.

Utamsikia dereva akisema, "Si kitu, kioo cha ndani kipo." Hebu pakia matenga ya nyanya mpaka yapite paa la dereva, halafu tazama hicho kioo cha ndani. Utaona matenga tu! Kwetu Tanzania tunapita kushoto. Kioo cha kulia ndicho kinachokuonyesha basi linalotaka kukupita. Cha kushoto ndicho kinachokuonyesha mwenye baiskeli aliyejipenyeza ukingoni, na mama mwenye kikapu kichwani. Na pale sokoni unaporudi nyuma, watoto wako chini wanaokota nyanya zilizodondoka.

Haya, tazama kwanza kilichovunjika. Kama mkono na kasha lake ni vizima, nunua kioo peke yake. Huna sababu ya kulipia kitu kizima. Ila usikate kipande cha kioo cha kujitazamia nyumbani. Aa-aa! Vioo vingi vya gari vimetuna kidogo kwa nje, ndiyo maana vinaona mahali papana, na ndiyo maana gari la nyuma huonekana dogo na la mbali kuliko lilivyo. Kioo bapa kitakunyima upana huo, na macho yako yaliyozoea kukadiria umbali yatadanganyika.

Kama mkono umekatika, chukua kile cha zamani uende nacho dukani. Taja aina ya gari na mwaka wake, na useme ni cha kushoto au cha kulia, maana havibadilishani. Kilichotumika si kibaya, mradi kiungo chake hakilegei na kioo hakina madoa meusi.

Vipande vilivyovunjika vitoe ukiwa umefunika mkono kwa gunia, kisha vitupe katika choo cha shimo. Usivitupe kwenye jaa la samadi. Samadi hiyo utaipeleka shambani, na shambani kuna nyayo za watoto.

Magari mengine ya zamani mkono wa kioo umefungwa kwa nje, unaona nati zake. Zikiwa na kutu, zipake mafuta ya taa, ungoje, ndipo utie spana inayozitosha sawasawa. Ukitumia koleo utazila kona, na hapo kazi ya nusu saa inakuwa ya siku nzima. Magari mengine, ndani ya mlango pale pembeni mwa dirisha, yana kipande cha plastiki cha pembetatu. Kibandue taratibu, utakuta skrubu au nati, mara nyingi tatu. Kabla ya kuzifungua, ziba kwa kitambaa mwanya wa chini, maana nati ikidumbukia ndani ya mlango utaitafuta mpaka jioni. Mwenzako ashike kioo kwa nje. Ukiona nyaya, basi kioo hicho ni cha umeme. Chomoa kwanza waya wa hasi wa betri.

Rudisha na ule mpira mwembamba unaokaa kati ya kioo na mlango. Wengi huutupa. Bila huo maji ya masika yanaingia, na mlango unaoza kwa kutu. Kaza nati zote kidogo kidogo kwa zamu, usimalize moja kabla ya nyingine.

Sasa keti kama unavyoendesha, si kwa kuinama. Geuza kioo mpaka uone ukanda mwembamba wa ubavu wa gari lako, na barabara ya nyuma ikate katikati. Mtu mzima azunguke gari polepole, nawe useme kila anapokupotea. Pale anapopotea pakumbuke. Hapo hakuna kioo kitakachokusaidia, ni kugeuza shingo, au utingo ashuke akuelekeze. Rudia hayo gari likiwa na mzigo, kwa kuwa nyuma ikishuka, kioo nacho kinatazama pengine.

Baada ya safari ya kwanza kwenye barabara ya makorongo, kaza nati tena.